Sekunde Tisa Zilizonipeleka Kigwa

Haya. Nyinyi mliojaza simu yangu maswali wiki nzima, "Mwanaidi uko wapi," "Mwanaidi umeolewa huko," majibu ndiyo haya, na nayaandika mara moja ili nisirudie kwa kila mtu. Ya tiketi na vibali nayaruka, maana hata mimi niliyeyafanya yalinichosha.

Kwa wale wanaodhani nasomea utangazaji: natafiti namna magazeti, redio na mitandao ya hapa kwetu inavyowasema Waislamu. Nakusanya vichwa vya habari, vibonzo na video, navipanga kwenye jedwali, kisha naeleza nani kasema nini na kwa faida ya nani. Ni kazi inayochosha roho. Asubuhi unasoma maoni ya watu wanaokutukana bila kukujua, unayatia rangi nyekundu au ya chungwa kwa kadiri ya ukali wake, halafu unakwenda kula chakula cha mchana. Na mimi mwenyewe ushungi huu umeshanifanya niulizwe getini kama nimekuja kuomba msaada, kwenye ofisi iliyonialika kutoa mada. Kwa hiyo nimekuwa mwepesi wa kuumia, nakiri.

Sasa, kwenye mkusanyiko wangu kulikuwa na video moja ya sekunde tisa. Ni msibani, Tabora. Mzee mwenye rozari shingoni amesimama kando ya jeneza, anasema kwa sauti kubwa: "Amepungua Mwislamu mmoja. Bado hawa wengine." Basi, inakatika hapo. Ukurasa mmoja wa habari uliirusha ukaandika kwamba chuki imewekwa hadharani, na watu wakaigombania wiki mbili. Mimi niliitia rangi nyekundu iliyokolea. Nikaifanya mwanzo wa makala yangu.

Mhariri wa jarida akanirudishia makala na swali moja tu pembeni: mzee huyu ni nani, na alikuwa akimwambia nani? Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona sina jibu, na mwisho wa mwezi ndiyo siku ya kuchapa. Nikafunga begi.

Dodoma hadi Tabora, kwa kituo kirefu Saranda

Treni ya umeme ilinifikisha Dodoma kabla sijamaliza karanga zangu. Baada ya hapo nikapanda ile ya zamani, ambayo hupanga safari yake yenyewe na haimshauri mtu. Mbele yangu alikaa mtu mzima mwenye kanzu na kofia, miguuni ana begi kubwa lililofungwa kamba mara tatu. Kando yake bwana mmoja wa miwani myeusi, muuzaji wa dawa za mifugo, ambaye alikuwa ameshatueleza habari za kupe tangu tulipoondoka.

Saranda treni ikasimama, na ikaendelea kusimama. Mhudumu alipita akasema kichwa cha treni kinapumzika. Jua likapanda, watu wakaanza kuchoshana, na bwana wa miwani akamgeukia mwenye kanzu.

"Shehe, hebu tufungulie hilo begi tuone. Tusije tukafika Tabora vipande vipande."

Wawili watatu walicheka. Mimi damu ilinipanda, nikatoa daftari. Shehe aliinama akafungua kamba ya kwanza, akafungua ya pili, taratibu kabisa, mpaka waliocheka wakaanza kutazama nje. Ndani mlikuwa na kichwa cha cherehani kimeviringishwa kwenye kanga.

"Natania tu, mzee wangu," bwana wa miwani akasema.

"Si neno. Wewe kabila gani?"

Akalitaja.

"Mimi Mmanyema wa Ujiji. Sasa nifundishe, utani wetu mimi na wewe ulianza lini?"

Yule bwana akashuka. Nikadhani amehama behewa, lakini baada ya muda akarudi na kuku wawili wa kienyeji waliokaangwa, akamkabidhi shehe paja kubwa kuliko yote. Shehe akatoa kichwa dirishani kuuliza nani kawachinja, na mama muuzaji akajibu bila kugeuka, "Musa, kila siku ni Musa." Basi akala. Neno samahani halikusikika, ila nadhani lile paja ndilo lilikuwa samahani, na shehe aliipokea mpaka mfupa.

Nami nilipewa kipapatio. Niliandika tukio lote daftarini, nikalitia alama nyekundu, na swali la shehe nikaliona ni la kumkomoa mtu tu. Nikalala fofofo kwa shibe ya kuku. Vituo vyote vya mchana ule vilinipita, na nilipoamka tulikuwa tunaingia Tabora.

Isevya

Kumpata mjane wa marehemu hakukunichukua hata saa. Ukiuliza Isevya kwa Ramadhani seremala, kila mtu ana mlango, kitanda au kabati la kukuelekezea nalo. "Pita hapo penye mlango wa mninga, aliufanya yeye." Nilipita milango mitatu ya mninga nikafika wa nne.

Bi. Mwajuma ni mwembamba, mrefu, na ana jicho la mtu aliyezoea kupima mbao za mumewe kwa mbali. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipa chai ya tangawizi na vitumbua, na hakuniuliza nimefuata nini mpaka kikombe kilipokuwa kitupu. Nikamweleza. Nikamwonyesha video, huku nimeshaweka uso wa pole tayari.

Aliitazama mara moja, akanirudishia simu.

"Umeikata."

"Si mimi, bibi. Niliipata hivyo."

"Na wewe msomi, hukuona kama mtu bado anasema? Mdomo uko wazi."

Nikaitazama tena. Kweli, katika ile picha ya mwisho mdomo wa mzee uko wazi. Nimeitazama video ile labda mara mia, nimeandika kurasa nne juu yake, na mdomo ule sikuwahi kuuona.

"Alimalizia nini?"

"Kamuulize mwenyewe. Huyo ni Pius. Ni mtani wetu."

Mtani. Jamani, nilitamani kiti kinimeze. Babu yake marehemu alikuja na msafara kutoka pwani, akaoa Tabora akabaki, na Pius ni Mnyamwezi. Pwani na Unyamwezi wanataniana tangu enzi za mizigo kichwani. Msiba wa mmoja, mwingine huja kuuharibu ili watu wapate kucheka na kupumua. Na mimi ni Mzaramo wa Kisarawe! Nilikuwa na miaka minane bibi yangu alipokufa, na jirani yetu Mnyamwezi aliingia kaburini akakaa, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Nililia nikidhani ana kichaa. Wakubwa walicheka huku wanafuta machozi. Yote hayo niliyasahau, nikaenda chuo kujifunza kusikiliza watu.

Ila Bi. Mwajuma hakuwa akicheka. Aliniambia video ilipoenea, wakubwa wa mtaa na wa dini zote mbili walikuja kuwapatanisha.

"Walituweka mimi na Pius kwenye viti vya plastiki, wakatupatanisha. Hatukuwa tumegombana. Wakamwambia achunge mdomo. Akaitikia ndiyo, akaondoka, hajarudi. Kila mwaka huyu ndiye anayeleta mchele wa Idi, analeta na mdomo wake. Sasa Idi mbili zimepita nimepika mchele wa dukani."

"Labda anaona aibu."

"Au tumemchukiza. Mimi nitajuaje? Jumapili ni hitima ya mwaka. Mtani asipokuja, mwanangu, msiba hautoki ndani ya nyumba."

Nikamuuliza anaishi wapi. Akaanza kukusanya vikombe.

"Yuko Uyui huko. Sina haja naye."

Isikizya, nilikokwenda bure

Mimi nikasikia Uyui, nikauliza makao ya Uyui ni wapi, nikaambiwa Isikizya. Ijumaa asubuhi nikaenda Isikizya. Mama mmoja wa chakula mbele ya ofisi za halmashauri alinisikiliza hadi mwisho, sahani mkononi.

"Dada, Uyui yote hii," akasema, akizungusha mwiko hewani. "Hapa ni ofisi. Pius yupi? Tuna Pius wa nyuki, Pius mwalimu, Pius wa kanisani..."

Nikamwonyesha video. Hapo ndipo nilipojua kosa langu halikuwa la njia tu. Alimwita mwenzake, mwenzake akaita wengine, na bwana mmoja aliyekuwa anakula wali maharage akasema, "Mzee Pius Maganga huyo, wa Kigwa. Wewe ndiye uliyemrusha?"

"Hapana. Mimi nimeandika tu."

"Ndiyo huko huko."

Nilinunua wali maharage nikakaa naye, kwa sababu njaa haina aibu. Alinieleza kuwa Kigwa iko upande mwingine kabisa, kwenye reli. Nikamwambia nimetoka Dodoma kwa treni. Akaacha kutafuna. "Basi ulipita mlangoni kwake," akasema, na meza nzima ikacheka. Nilikuwa nimempita mtu ninayemtafuta nikiwa nimelala na mafuta ya kuku kwenye kidevu.

Kigwa

Jumamosi nikafika. Mzee Pius Maganga alikuwa uani anapiga mpunga, na aliponiona na begi na simu mkononi, alisimama wima kama anaitwa mahakamani. Ni mtu wa mwili mkubwa, lakini siku ile alikuwa anajikunja. Nilimwamkia. Aliitikia kwa adabu iliyopita kiasi, akanikaribisha, akaomba radhi kwa vumbi, akaomba radhi kwa kuku waliokuwa wanapita, akaomba radhi kwa jua.

"Baba, nimekuja kukuuliza ya msibani kwa mzee Ramadhani."

"Mwanangu, mimi sisemi tena. Niliambiwa nichunge mdomo, na nauchunga. Niliwakosea watu wote."

Mkewe, Mama Theresia, aliingia ndani kupika. Kupitia mlango nilimwona akiacha sufuria zote zilizokuwa chini, akashusha moja iliyotundikwa peke yake ukutani, akaipangusa vumbi kwa upande wa kanga. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikatoa daftari nikaandika: wanatenga vyombo. Naapa niliandika. Mama Theresia akaniona natazama.

"Hii ni ya Ramadhani," akasema. "Haijawahi kuona nguruwe. Akija hapa analala, anapikiwa humu. Wewe una ushungi, nikajua ndimo utakamokula. Haijashuka mwaka mzima."

Kisha akamtuma mtu kwa jirani yao Saidi aje achinje jogoo. Nilikata mstari ule kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Tulikula ugali na yule jogoo, halafu michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa na kuchemshwa na karanga, na nilipomaliza sahani ya pili nikasema nilichokuja kusema. Nilimwambia kwamba mimi pia ni mmoja wa waliomkata. Sikuirusha video, lakini niliipokea ikiwa nusu nikaijengea nyumba. Nilimwambia nimezoea kutukanwa na watu nisiowajua, mpaka sauti yoyote kubwa naiona ni ya adui. Na nikamwambia Bi. Mwajuma anapika mchele wa dukani.

Hilo la mchele ndilo lililompiga. Aliweka kikombe chini.

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Hajanituma. Amesema hana haja nawe."

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Huku anakusanya vikombe."

"Nilidhani nimewaumiza," akasema. "Wale wakubwa walivyoongea, nikaona labda tangu zamani nilikuwa nawaumiza na wao wanavumilia tu. Ukishaambiwa hivyo, mwanangu, utafungua mdomo vipi tena?"

Nilitaka kulia na nilitaka kuwatukana wenye viti vya plastiki, ingawa nao walikuja kwa nia njema. Ndipo akauliza, kwa upole ule ule, kwetu ni wapi.

"Naishi Dar. Kwetu hasa Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

Alinitazama kuanzia ushungi hadi viatu. Kitu fulani kikaanza kurudi usoni mwake, polepole.

"Mama Theresia," akaita, "njoo uone. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani kwa miguu, wakafika wakawakuta hawa wamelala. Miaka yote hiyo. Leo mmoja ameamka."

Mama Theresia alitoka jikoni na mwiko, akamtazama mumewe, si mimi. Akajifuta jicho akasema ni moshi.

"Tena nimesikia ulilala hadi Tabora," mzee akaendelea, maana habari za Isikizya zilikuwa zimeshafika Kigwa kabla yangu. "Sasa kesho Mzaramo atabeba."

Nikamjibu kwamba Wazaramo hawabebi, wanabebewa, ndiyo maana Wanyamwezi wana vichwa bapa. Nilisema kwa woga, kama mtu anayejaribu lugha aliyoisahau. Mzee akacheka mpaka kuku wakakimbia. Swali la shehe wa Saranda lilinijia hapo hapo nikalielewa. Yule bwana wa miwani hakuwa na mtu wa kumrudishia tusi, wala hakuwa na sufuria ya mtu ukutani kwake. Alama yake nyekundu nimeiacha ilivyo.

Kurudi Isevya

Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akarudi, akakoboa maneno yote aliyokuwa ameyaficha mwaka mzima akanitwika mimi pamoja na kiroba cha mchele. Kutoka kwake hadi barabarani si mbali, lakini kwa mtu aliyezoea kubeba kompyuta ni mbali. Yeye alitangulia mikono mitupu, anaimba wimbo wa wapagazi alioutunga papo hapo juu ya Mzaramo anayetembea kama bata. Watu walitoka majumbani kutazama. Nilisimama mara nne. Kila nikisimama alihesabu kwa sauti ili nisidanganye baadaye, na mimi nawaambieni mara nne, shahidi yupo.

Gari lilitushusha Isevya baada ya adhuhuri. Nje ya mlango wa mninga kulikuwa na viatu vingi. Hapo mzee Pius akasimama. Mdomo wote ulikwisha. "Tangulia wewe," akaniambia, na sauti ikawa ile ya jana ya kuomba radhi kwa jua.

Nikaingia na kiroba kichwani. Bi. Mwajuma alikuwa uani kati ya wanawake, anapanga masinia. Alitazama kiroba, akanitazama mimi, akatazama mlango nyuma yangu.

"Nani huyo anasimama nje kama mdai?"

Mzee Pius akaingia, kofia mkononi.

"Tulidhani umekufa," Bi. Mwajuma akamwambia. "Tukaanza kushukuru."

Simu yangu nilikuwa nimeshaiwasha kurekodi, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Mzee aligeukia chumba walimokuwa wamekaa wasomaji, akanyoosha kifua, akarudi kuwa mkubwa kama alivyo.

"Mwaka umepita," akasema kwa ile sauti ya kwenye video. "Amepungua Mwislamu mmoja. Bado hawa wengine."

Akafungua mdomo amalizie. Hakikutoka kitu. Alisimama hivyo, mdomo wazi, machozi yanashuka, kofia anaiviringa. Hakuna aliyemsogelea. Bi. Mwajuma aliweka sinia chini, akajifuta mikono, akammalizia.

"Wakiisha wote, Idi utakula kwa nani?"

Ndipo watu wakacheka, na wengine wakalia, na mzee mmoja kutoka ndani akapaza sauti kwamba huyo Mnyamwezi apewe sahani anyamaze. Alipewa. Alikula ya watu watatu, akalalamika chumvi, akauliza nani aliwafundisha watu wa pwani kupika. Mchele ulikuwa wa dukani bado, na alisema hilo pia, kwa urefu.

Makala nimeiandika upya, itachelewa toleo moja. Rangi nyekundu bado zimejaa kwenye jedwali langu, msidhani zimefutika. Matusi mengi niliyokusanya ni matusi kweli, na hayana mtu wa kuyamalizia. Nimerudi na mchele wa Mama Theresia, na mtakaokuja kwangu Ijumaa mtaukuta.

Rekodi ninayo. Nimeisikiliza tena jana. Kati ya neno la mwisho la mzee Pius na neno la kwanza la Bi. Mwajuma pana kimya, kama cha pumzi tatu. Mwenye mkasi wa ile video alikata hapo hapo.